Pampu Niliyoibeba kutoka Embu

Kanja, Embu
Jumapili, 9 Machi 2025

Shangazi Eunice mpendwa,

Nakuandikia baada ya ibada, nimekaa kwenye kitanda changu cha juu, na mvua imeanza kudondoka kwenye mabati. Nilifika shuleni salama. Msalimie Nyanya na umwambie mafuta aliyonipa ya kupaka kifuani yamenisaidia. Kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Baba akipiga simu kutoka Isiolo, mwambie nilipata alama sabini na nne katika fizikia. Mwalimu Nyamu alisoma jina langu la pili darasani. La kwanza lilikuwa la Wambeti, kama kawaida. Tunakaa dawati moja, kwa hiyo alama hazikwenda mbali.

Wambeti anakusalimu. Anasema baba yake alifurahi kwamba ulinunua pampu kwake bila hata kumwona, kwa neno langu tu.

Shangazi, sasa nauliza habari za pikapu. Je, fundi Kaimenyi amekwisha kuifunga ile pampu ya dizeli? Injini iliwaka? Aliisafisha kwanza, au aliifunga vile vile nilivyoileta? Baba Wambeti aliponikabidhi kule dukani kwake Embu, aliniambia kwamba hata kama ameiunda upya kwa vipuri vizuri, uchafu mdogo kama punje ya unga unaweza kuisumbua. Ningependa kujua kama Kaimenyi aliisafisha.

Kengele ya chakula imelia. Nitaishia hapo.

Mtoto wako,
Makandi

—

Laare
18 Machi 2025

Makandi mwanangu,

Barua yako imefika na nimeisoma mara mbili, mara moja kimya na mara moja kwa sauti ndio Nyanya asikie. Amesema hiyo sabini na nne ni ya mjukuu wake, sio ya Riungu, kwa sababu baba yako shuleni alijulikana kwa mpira tu. Mguu wake bado unamsumbua. Ng'ombe amezaa dume. Mvua iko, miraa inachipuka.

Sasa hiyo gari. Inawaka vizuri, ukigusa ufunguo tu. Ikishuka mteremko haina shida. Lakini ukianza kupanda na mzigo, dakika kumi hivi, inakohoa, inaishiwa nguvu, inazima. Ukingoja kidogo inawaka tena kama haikufanya kitu. Jumanne iliyopita imenizimikia mara tatu kabla ya Maua na miraa ya watu nyuma. Miraa ilifika imelegea, wanunuzi wakaikataa mbele yangu. Wenzangu wananiambia, “Eunice, gari yako inapenda kupumzika kushinda mwenyewe.”

Kaimenyi amebadilisha filta. Ametoa hewa kwa paipu zote. Akafunga mtungi wa dizeli juu ya paa, akaleta paipu kutoka hapo moja kwa moja mpaka kwa pampu, ndio tujue kama ni tanki iko na uchafu. Ikazima vile vile. Akasema, “Mama, kila kitu hapa ni kizima isipokuwa hiyo pampu ya Embu.”

Nikampigia huyo Njagi, baba ya rafiki yako. Nikamwambia, umechukua pampu ya zamani ukaipaka rangi ukaniuzia. Akasema, “Mama, niliipima kwa mashine kabla haijatoka hapa. Irudishe ilivyo, bila kuifungua, kama risiti inavyosema. Nitaitazama bure.” Nikamuuliza, “Ndio ubadilishe vitu huko ndani halafu uniambie ilikuwa nzima?” Akasema tena, “Irudishe ilivyo.” Mtu akirudia maneno hivyo, unajua.

Nimejaribu pia broka mmoja pale Kinoru, Meru. Ana pampu, anasema imetoka Dubai juzi. Kaimenyi akaikwaruza na ukucha, rangi ikatoka, na chini yake kuna rangi nyingine. Broka akasema, “Hata Dubai wanapaka.” Tukamwachia.

Nimeweka risiti ya Njagi kwa grupu yetu ya WhatsApp ya wasafirishaji wa miraa, jina lake na duka lake, watu arobaini na tatu. Na nikawaambia kwa ujumbe wa sauti huyo ni mwizi. Wengine walikuwa karibu kununua kwake. Hawanunui sasa. Muulize rafiki yako baba yake ni mtu wa aina gani.

Kuhusu kusafisha, Kaimenyi aliipangusa nje tu. Kwani unauliza nini?

Shangazi yako,
Eunice

—

Kanja, Embu
Jumapili, 30 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Pole kwa safari ile ya Maua. Niliposoma kwamba wanunuzi waliikataa miraa mbele yako, sikuweza kumaliza uji. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Tunafunga shule Ijumaa, na nitakuja na vitabu vyote.

Sikumuuliza Wambeti swali lako. Nilijaribu kulizungukia tukiwa tunafua, nikamuuliza baba yake hufanyaje kazi. Alisema huosha mikono kabla ya kufungua pampu, si baada, na kwamba kwenye meza yake hapawekwi hata kikombe cha chai. Nikaacha kuuliza.

Shangazi, tumesoma kuhusu mwendo wa majimaji ndani ya mabomba. Kitu chepesi kikikaa mahali pa kuingilia, majimaji yakienda kwa nguvu hukivuta mpaka kikaziba. Yakitulia, kinajitoa chenyewe. Naona hali hiyo inafanana na ya gari lako, kwa sababu mlimani injini huvuta dizeli nyingi. Labda Kaimenyi atazame pale paipu inapoingilia kwenye pampu. Ni boliti moja tu, na haina ile alama ya rangi aliyoweka Baba Wambeti ili ajue kama pampu imefunguliwa, kwa hiyo masharti ya risiti hayatavunjika. Atazame kwa tochi. Haya ni mawazo ya darasani tu. Usimwambie yametoka kwangu, atachukia.

Nakuomba pia uiondoe ile risiti kwenye grupu mpaka ijulikane.

Uliuliza kwa nini nilitaka kujua habari za kusafisha. Ni kwa ajili ya usafi tu.

Makandi

—

Kanja, Embu
Jumapili, 4 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Nimerudi salama na sanduku halikupotea. Unga wa wimbi mliopakia umependwa na bweni zima, umebaki kidogo. Mwambie Nyanya soksi alizonifumia ni kubwa, lakini ninazivaa kulala.

Wiki tatu nilizokaa nyumbani nilifurahi kukuta gari linatembea. Ulisema Kaimenyi “alipuliza tu ikakubali.” Sikuuliza alipuliza wapi, nawe hukusema. Mama Karimi wa kanisani alipokuja kuuliza kama yule mtu wa Embu amekurudishia pesa, ulisema moto unazimika ukaenda jikoni. Moto ulikuwa unawaka. Niliona pia, nilipokuwa nakuandikia ujumbe wa Baba kwenye simu, kwamba risiti bado imo kwenye grupu.

Wambeti amenieleza kwamba baba yake amemwachisha kazi Antony, fundi aliyekuwa naye miaka kumi na moja, kwa sababu hakuna tena wateja kutoka upande wa Meru. Hakunitazama akisema. Alisema, “Watu wa kwenu wanasema baba ni mwizi.” Kisha akanipa rula yake, kwa sababu yangu ilivunjika.

Siku ya wazazi ni Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Baba Wambeti atakuja. Je, wewe utakuja?

Makandi

—

Laare
14 Mei 2025

Makandi,

Sisi wote wazima. Ndama anakula vizuri na anapiga teke kila mtu isipokuwa Nyanya. Mabati ya kanisa yamefika, sasa wanaume wanabishana nani apande juu. Miraa imeshuka bei kwa sababu ya mvua, lakini itapanda. Nimekutumia sabuni na kalamu.

Siku ya wazazi sitaweza. Ni mguu wa Nyanya.

Soma vitabu. Mambo ya watu wazima ina wenyewe.

Eunice

—

Kanja, Embu
Jumapili, 25 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Asante kwa sabuni na kalamu. Ninaandika kwa moja yao. Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta neno moja kuhusu gari, na halimo.

Mwalimu wa zamu husoma barua zetu kabla hazijatoka. Wiki hii ni Madam Joyline. Kwa muda mrefu nimejiambia kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutokuandikia jambo hili. Lakini nilikaa nyumbani wiki tatu, ambako hakuna mwalimu wa zamu, na sikusema. Basi na asome.

Siku ile ya mapumziko ya katikati ya muhula uliopita, Baba Wambeti alinipa pampu ndani ya katoni, kila tundu limezibwa kwa kofia ndogo nyekundu. Aliniambia, “Mwanangu, hizi kofia zitolewe na fundi peke yake.” Nikasema ndiyo. Nilijivuna sana njiani. Niliona nimetumwa kitu ambacho wanaume wazima wa Laare wanakitafuta.

Nilipofika Meru nilikaa pale Kinoru karibu na akina mama waliokuwa wakifunga miraa, nikingoja gari la kwenda Laare. Mmoja akaniuliza nimebeba nini. Ningejibu pampu, basi. Lakini nilifungua katoni nikaanza kumfundisha dizeli inaingilia wapi na inatokea wapi, kama Mwalimu Nyamu. Nikang'oa kofia moja ili aone ndani. Ikaniponyoka, ikaingia kwenye mtaro wa maji machafu, ikaenda.

Yule mama hakushtuka. Alisema, “Unalia nini? Kwani sisi miraa tunaifunga na nini?” Akanipa majani mabichi ya mgomba na kipande cha ganda kavu la shina lake. Tuliifunga pampu kama bunda la miraa ili isipate vumbi. Lile ganda nililisokota nikalisukuma ndani ya tundu. Wakati ule niliona tumefanya vizuri kabisa. Kwetu kila kitu kisichotakiwa kuharibika njiani hufungwa kwa mgomba.

Nilipofika nyumbani nilipitia nyuma ya zizi. Niliwapa ng'ombe majani, nikavuta lile ganda. Lilitoka fupi kuliko lilivyoingia. Nilichungulia, sikuona kitu. Nikajiambia nimekosea kukumbuka urefu wake. Kisha nikakuletea pampu, ukanisifu mbele ya Kaimenyi.

Ile barua ya fizikia ya majimaji na mabomba niliiandika ili kosa langu lipatikane bila mimi kuonekana. Ninaona haya kwa barua ile kuliko hata kwa kofia.

Baba Wambeti hakukuuzia pampu mbovu. Nakuomba useme hivyo kwa wale watu arobaini na tatu, na ulitaje jina langu. Sijamwambia Wambeti. Kila asubuhi najiandaa kumwambia, na kila asubuhi ananisogezea nafasi kwenye dawati, nakaa.

Makandi

—

Laare
5 Juni 2025

Makandi,

Nyanya sasa anatembea mpaka mlangoni. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa.

Nilijua. Tarehe mbili Aprili, kabla ufunge shule, Kaimenyi alitoa hiyo boliti. Nilimwambia ni wazo langu. Akavuta na koleo ndogo kipande cha ganda la mgomba, kama ukucha wa kidole gumba, kimelainika na dizeli. Gari ikapanda mpaka Maua bila kukohoa. Kaimenyi akaniambia, “Mama, hii haikutoka Embu. Hakuna fundi wa pampu anaziba na mgomba.” Nikamwambia akitaka kubaki fundi wangu, anyamaze.

Ningesema nini kwa grupu? Wangeuliza nani aliibeba, na ni wewe peke yako uliibeba. Hiyo ndio sababu nilikuwa najipa. Iko ingine. Ile sauti niliyotuma nikimwita mtu mwizi, nilicheka ndani yake. Bado wanatumiana, imefika mpaka Isiolo, baba yako aliisikia kwa mtu.

Ulipokuja nyumbani nilingoja useme. Nikakuona unaosha sufuria ambazo ni safi. Na nikashukuru hukusema, kwa sababu ungesema, mimi pia ningelazimika.

Sasa sikia. Barua yako nimeichoma. Usimwambie huyo msichana, usimwambie baba yake. Watu husahau. Siku ya wazazi siji, na umejua sio mguu wa Nyanya.

Usinijibu hii.

Eunice

—

Kanja, Embu
Jumapili, 15 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kwamba Nyanya anafika mlangoni. Uliniambia nisijibu. Ninajibu, na kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kukukosea jambo kubwa zaidi.

Jana wazazi walikuja. Wasichana wasio na wageni hukaa darasani mpaka jioni, nami nilikuwa nimechukua kitabu. Wambeti akaja akanivuta mkono. Alisema, “Mama amepika chapati nyingi, usijifanye unasoma.” Nilimfuata. Walikuwa wamekaa kwenye nyasi karibu na uwanja. Mama yake akanisogezea sahani, na Baba Wambeti akachukua jagi ili aninawishe.

Sikuweza kunyoosha mikono. Nikasema, “Baba Wambeti, usinimiminie kwanza. Pampu ya shangazi yangu ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyetoa kofia njiani, nikaziba tundu kwa ganda la mgomba. Likakatikia ndani.”

Mama Wambeti aliacha kupakua. Baba Wambeti alibaki ameshika jagi.

“Tundu gani?” akauliza. “La kuingilia au la kurudishia?”

“La kuingilia.”

Akafikiri. “Ilikuwa inazima ikipanda, ukingoja inawaka?”

“Ndiyo.”

Akaweka jagi chini, akaitazama mikono yake pande zote mbili, kama ya mtu mwingine. Akasema, “Tangu Machi naifungua hiyo pampu kichwani. Naanza skrubu ya kwanza mpaka ya mwisho, natafuta nilisahau wapi. Siku hizi nikikaza boliti, namwita huyu mama aje anihakikishie kwamba nimekaza.”

“Juzi mara nne,” Mama Wambeti akasema. “Ugali ukaungua.”

Baba Wambeti alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. Kisha akachukua jagi tena. “Nawa. Chakula kinapoa.”

Nilikula chapati mbili, Shangazi. Nilikuwa na haya, na nilikuwa na njaa.

Wambeti hakula. Aliinuka akaenda bombani, akakaa huko mpaka wazazi wake walipokuwa wakiaga. Hajanisemesha mpaka sasa. Leo asubuhi ameweka mkoba wake katikati ya dawati letu. Sikuugusa.

Baba Wambeti alinipa ujumbe wa kukufikishia. Alisema, “Mwambie shangazi yako sitaki pesa na sitaki barua. Aseme palepale aliposema, na aseme kwa sauti. Sauti yake naijua, wateja wamenichezea mara nyingi.”

Sikumwambia kwamba ulijua tangu Aprili. Langu nimelisema. Hilo ni lako.

Makandi

—

Laare
23 Juni 2025

Makandi mwanangu,

Nyanya anauliza nina nini, kwa sababu nimemwekea chumvi kwa chai. Nimemwambia yote. Amesema hata yeye anaona haya na hajawahi kushika pampu.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilikukasirikia Ijumaa na Jumamosi. Jana baada ya kanisa nikaingia kwa gari, nikafunga vioo, nikarekodi. Nilirekodi mara sita. Ya kwanza nilisema mtoto wetu alifanya makosa. Nikaifuta. Ya tatu nilisema pampu ilikuwa na shida ndogo ya njiani. Nikaifuta. Ya sita ndio nilituma. Nilisema: mimi Eunice wa Laare nilimwita Njagi wa Embu mwizi. Pampu yake ilikuwa nzima. Uchafu uliingia njiani kwa mikono ya nyumba yangu, sio yake. Nimejua hivyo tangu tarehe mbili Aprili na nikanyamaza, na yeye akapoteza wateja.

Jina lako sikutaja. Usiniulize tena.

Nilikuwa naona tu hesabu ya waliosikia inapanda. Halafu mmoja akaandika, “Kwa hivyo tulimharibia mtu jina bure?” Nikaandika, ndio. Mwingine akasema gari yake haitanibebea mzigo tena nikikwama, kwa sababu hajui nitasema nini juu yake kesho. Ako na haki. Halafu yule Kaimenyi akaandika, “Mama, sasa naweza kuongea?” na watu wakacheka, na mimi nikaweza kutoka kwa gari.

Njagi nimempigia mara mbili. Hajashika.

Alhamisi mnafunga kwa mapumziko. Nakuja kukuchukua mwenyewe na pikapu. Mwambie Wambeti kuna nafasi mbele, kama anataka tumpeleke nyumbani. Akikataa, usimsukume. Tutateremka Embu kwanza mpaka kwa duka la Njagi. Nitaingia mimi mbele. Wewe utasimama nyuma yangu, na hata ukiona nimekosa maneno, usiongee badala yangu.

Shangazi yako,
Eunice